Mashine Ndefu ya Mama Haraka

Fundi alikuwa mtu wa vipimo. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameshona suruali, sare na magauni ya mtaa mzima katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukata kitambaa kwa kukisia. Waliomwambia, "Kata tu, Fundi, si unanijua," aliwasimamisha wima kama wengine, akawazungushia utepe, akaandika. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake katika daftari la vipimo, na madaftari yalikuwa kumi na moja. Mtu akinenepa, Fundi alijua kabla ya mwenyewe kukiri.

Kwa hiyo binti yake alipompigia simu na kumwambia, "Baba, nenda dukani ununue mashine yoyote ya kukimbilia, zote ni zile zile," Fundi alikunja kwanza kitambaa alichokuwa anashona.

"Hakuna kitu kinachoitwa yoyote," alisema.

Mashine ilitakiwa kwa ajili ya mkewe. Mtaa ulimwita Mama Haraka, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa amesambaza barua za posta kwa miguu kwa miaka ishirini na minane, na alitembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mbwa wa mtaa walikuwa wamekata tamaa ya kumfukuza. Fundi na mkewe wakitoka pamoja, watu walimwona mke kwanza, wakamsalimu, wakaendelea na shughuli zao, kisha Fundi akatokea.

Miezi miwili nyuma, asubuhi moja, Mama Haraka alikuwa anakunja shuka kiharusi chepesi kilipomshika upande wa kushoto. Mdomo ulirudi. Mkono ulirudi. Mguu ulirudi nusu.

Daktari hakuwa mtu wa kupamba maneno. Alisema mgonjwa atembee nusu saa kila siku, ameshika kitu imara. Akitembea sasa, mguu utajifunza upya. Akikaa, baada ya miezi michache mguu utakuwa umezoea kuburutwa, na mguu ukishazoea jambo ni mgumu kuliko mwenye mguu. Baada ya hapo itakuwa ni kiti, na baada ya kiti itakuwa kitanda. Alilisema hilo huku akitafuta kalamu yake, akaipata mfukoni, akaandika.

Mama Haraka alitoka nje mara moja tu. Alifika duka la kona akishikilia ukuta, na kinyozi, mtu mwema asiye na nia mbaya kabisa, akamwita kutoka kibarazani kwake: "Mama Haraka! Leo vipi, barua nzito?" Alirudi nyumbani, akaketi kwenye kiti cha dirishani, na hakutoka tena. Fundi alipomwambia watembee pamoja alfajiri watu wakiwa bado wamelala, alimpa kisogo. Alipomwambia watanunua mashine ya kutembelea humo humo ndani, alisema, "Nunua mto wa kiti. Huu umelala."

Fundi aliogopa. Hakuwa mtu wa kusema hivyo, na hakusema. Alichukua utepe wake akaenda dukani.

Duka la vifaa vya mazoezi lilikuwa na mashine kumi na nne za kukimbilia zilizopangwa zikitazama ukuta. Muuzaji alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alikuwa ameuza mashine hizo kwa miaka tisa bila kupanda hata moja, na hakuona haya kulisema.

"Karibu, mzee wangu. Unatafuta ya kukimbia au ya kutembea?"

"Ya kutembea. Ni ya mke wangu. Anaumwa mguu."

"Pole sana. Ana uzito gani?"

"Kilo sabini na moja. Zilikuwa sabini na sita kabla ya hospitali."

Muuzaji alimtazama upya. Wanaume wengi hujibu swali hilo kwa kufungua mikono.

Fundi aliomba afunuliwe mota. Alikuwa ameishi na mota ya cherehani miaka mingi, na alijua kuwa nguvu iliyoandikwa kwenye boksi ni ile ya kujikakamua dakika moja mbele ya wageni. Aliuliza nguvu ya kazi ya kutwa. Muuzaji akakiri kuwa hiyo ni ndogo zaidi, na imeandikwa kwa herufi ndogo zaidi. Fundi aliinama akabonyeza ubao chini ya mkanda kwa kidole gumba, kusikia kama unabonyea kidogo mguu unapotua. Aliuliza mkanda hutiwa mafuta gani, na kila baada ya muda gani. Aliuliza umeme ukikatika mtu akiwa juu, mkanda unasimama ghafla au unapungua taratibu. Watu wote wanaonunua mashine hizi huuliza inakwenda kasi kiasi gani. Yeye aliuliza inaweza kwenda polepole kiasi gani.

"Mzee wangu," alisema muuzaji, ambaye sasa alikuwa amevaa miwani, "swali moja tu limebaki. Hatua yake ina urefu gani? Maana mkanda ukiwa mfupi kuliko mwendo wa mtu, atajikunja kama anatembea ndani ya kabati."

Fundi alipitia kichwani ukurasa wa mkewe katika daftari.

Alikuwa na kifua cha mkewe, kiuno chake, nyonga zake, mabega, urefu wa mkono ulionyooka na uliokunjwa, kabla ya watoto na baada ya kila mtoto. Hatua hakuwa nayo. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, na kulikuwa na kipimo cha mwanamke huyu ambacho hajawahi kukiandika. Alimwomba radhi muuzaji, akarudi nyumbani akiwa na aibu ya kweli.

Kumwambia mkewe asimame apimwe hatua lilikuwa jambo lisilowezekana. Angekataa, na asipokataa ingekuwa vibaya zaidi. Kila fundi anajua kuwa mtu akiona utepe hujibadilisha. Wanaume huvuta tumbo ndani. Wanawake hunyoosha shingo. Ukiandika kipimo hicho, umemshonea mtu mwingine, na yule wa kweli atakuja wiki ijayo akilalamika kuwa suruali haifungi. Fundi alikuwa na dawa yake: alizoea kujitia anatafuta kalamu, akapiga soga kidogo, mteja akasahau akapumua, naye akapima hapo hapo.

Asubuhi iliyofuata, mkewe akiwa bado kitandani, alisaga vipande vya chaki yake ya kuchorea vitambaa vikawa unga, akaunyunyiza mlangoni mwa chumba cha kulala. Kisha akaketi kwenye cherehani akashona kola ambayo ilikuwa imeshashonwa.

Mama Haraka aliamka, akaenda jikoni kupitia ukumbi mwembamba wa saruji, akaweka maji ya chai. Fundi alipiga magoti nyuma yake na utepe. Nyayo zilikuwa pale, nyeupe, moja nzima na moja iliyofuatwa na mstari kama wa ufagio. Alipima kisigino hadi kisigino. Akapima tena.

Sentimita thelathini na moja.

Hatua ya mtoto wa miaka mitatu ni karibu hiyo hiyo. Fundi aliandika namba katika ukurasa wa mkewe, akafuta sakafu kwa kitambaa, na alipoitwa kunywa chai alisema anakuja, lakini alibaki amepiga magoti kwa muda.

Fundi mzuri hupima mara mbili. Asubuhi ya pili alinyunyiza unga tena, akashona tena kola ile ile. Safari hii kipimo kilikuwa arobaini na nne. Alikunja uso. Mguu haukui sentimita kumi na tatu usiku mmoja. Alizitazama nyayo kwa makini. Vidole vilikuwa vimekandamiza sakafu kwa nguvu, kama vya mtu anayeruka dimbwi. Alama ya kuburuta ilikuwepo, ila fupi, imekatishwa kwa lazima. Na ukutani karibu na mlango wa chumba, kwenye usawa wa bega lake, palikuwa na kiganja cheupe. Mtu alikuwa ameinama, akagusa unga ule, akaunusa pengine, akaelewa, akajiinua kwa kushika ukuta. Kisha akatembea.

Fundi alizifuta nyayo moja moja. Kiganja cha ukutani alikiacha.

Mchana huo alifungua sanduku la nguo za zamani akatoa sketi ya sare ya posta. Ilikuwa sketi nyembamba, ya kitambaa kigumu, iliyochorwa na mtu wa ofisini ambaye bila shaka hakuwahi kupeleka barua. Sketi hii ndiyo iliyowakutanisha. Msichana wa posta aliileta ikiwa imechanika kwenye mpasuo wa nyuma, Fundi akaishona. Baada ya siku tisa msichana akairudisha, imechanika pale pale. Akaishona. Alipoileta mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, Fundi, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye haya, alimuuliza, "Dada, unafukuzwa na nani?" Naye akamjibu, bila kutabasamu hata kidogo, "Sifukuzwi na mtu. Ni wewe umebana." Fundi akaongeza mpasuo. Katika daftari la kwanza kabisa, maandishi yake yalikuwa bado yanasomeka: Mpasuo, ongeza. Chini yake: Ongeza tena.

Aliilaza sketi mezani, akaupanua mpasuo hadi mwisho, akapima, akapiga hesabu za kifundi kwa penseli hadi akapata hatua ya zamani. Sabini na mbili.

Alirudi dukani.

"Nimepata hatua," alimwambia muuzaji. "Ni thelathini na moja. Au sabini na mbili."

"Ni watu wawili?"

"Ni mmoja."

Muuzaji alivua miwani. Alikuwa mfanyabiashara, lakini alikuwa pia na mama mzazi, na alisema kweli aliyoijua. Alimwonyesha mashine fupi, yenye mkanda wa mita moja na kidogo, nyepesi, inayokunjwa ikasimama nyuma ya mlango. "Kwa mgonjwa wa hatua thelathini na moja, hii inatosha na kubaki. Haitakula nafasi. Ile ndefu pale ni ya watu wanaotembea kwa nguvu. Utakuwa umenunua basi la kubebea mtu mmoja."

Fundi alikwenda kwenye ile ndefu. Vishikio vyake vilikuja hadi nyuma, vikamfika mtu kiunoni pande zote mbili. Alivua viatu, akapanda, akabonyeza kitufe cha chini kabisa, na mkanda ukaanza kusogea kwa mwendo wa kobe. Kisha, mbele ya wateja wawili na kijana wa misuli aliyekuja kununua vyuma, alitembea akiburuta mguu wa kushoto, jinsi hasa mkewe alivyouburuta, vidole vikiwa vimeelekea ndani, ili aone kama mguu wa namna hiyo utakwama kwenye ukingo. Aliburuta kwa dakika kumi. Haukukwama.

"Hii," alisema.

"Mzee wangu, nimekwambia..."

"Nimesikia, dada. Asante. Hii."

Wapagazi wawili waliileta siku ya pili yake na kuiteremsha chumba cha mbele, ambako ilionekana mara moja kuwa haiingii. Yaani iliingia, lakini kitabu chake cha maelekezo kilidai nafasi ya mita mbili nyuma, ili mtu akiteleza aangukie hewa na si ukuta. Katika mita hizo mbili ilisimama meza ya kukatia, ambayo Fundi alirithi kwa bwana aliyemfundisha kazi. Aliizunguka mara mbili. Kisha akaleta msumeno.

Mama Haraka alimtazama kutoka kwenye kiti cha dirishani mpaka mwisho.

"Meza yako iko wapi?" aliuliza.

"Nusu ile pale."

"Na nguo utakatia wapi?"

"Mashati mezani. Suruali nitakata mguu mmoja mmoja."

Alihamisha macho kwenye mashine, kutoka mwanzo hadi mwisho, na safari hiyo ya macho ilichukua muda. "Hii ni ya nani?"

"Yako."

"Mimi sina miguu ya hii," alisema, na akageukia dirisha.

Kwa siku tisa mashine ilifanya kazi ambayo mashine nyingi za aina yake hufanya majumbani. Ilianikwa nguo. Mama Haraka mwenyewe alianza, kwa taulo moja upande wa kulia, akiwa ametoka kwenye kiti kwa ajili hiyo hasa. Siku ya nne kulikuwa na mashuka. Siku ya saba mteja mmoja aliyekuja kujaribu koti alitundika lake pale na kuuliza kitundikio hiki cha nguo kimetoka wapi, mbona kikubwa. Binti alipiga simu kuuliza mama anaendeleaje na mazoezi. Fundi alimjibu kuwa mashine inatumika kila siku, na hakuwa amesema uongo.

Usiku Fundi alihesabu wiki zilizobaki katika ile miezi michache ya daktari, na kila alipozihesabu zilikuwa zimepungua. Alikula kidogo. Alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, kosa ambalo hajalifanya tangu ujana. Alijuta kuwa hakununua ile fupi, ambayo pengine isingemtisha, na akajuta kwa uchungu kwelikweli.

Siku ya kumi Mama Haraka aliondoa mashuka, akayakunja, akayaweka kitini. Akasimama ameshika kishikio, upande wa sakafu.

"Fundi."

"Naam."

"Kwa nini umenunua ndefu hivi?"

Alizima cherehani. Alichukua daftari, akalifungua kwenye ukurasa wake, akamwekea juu ya ile nusu ya meza. Mama Haraka alisoma. Thelathini na moja. Arobaini na nne. Sabini na mbili, na karibu yake neno moja: sketi.

"Nguo ya mtu anayekua," alisema Fundi, "huachiwa kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Ili ifumuliwe baadaye."

"Nina miaka sitini na mitatu. Nakua wapi?"

"Daftari ndilo linasema. Siku ya kwanza thelathini na moja. Siku ya pili arobaini na nne."

Mama Haraka aligusa namba ya pili kwa kidole. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Siku ya pili niliiona chaki. Nilijua unanipima. Nilijivuta."

"Najua."

"Ulijua?"

"Uliacha mkono ukutani."

"Basi ile arobaini na nne si kipimo. Ungeifuta."

"Nimepima watu miaka thelathini na minne," alisema Fundi. "Mtu asiyetaka nguo hajivuti. Anasimama tu, unampima kama gunia." Akashika sentimita kumi na tatu za utepe kati ya vidole. "Ulijivuta sentimita kumi na tatu, mke wangu. Kwa mguu ule. Ningekununulia fupi namna gani?"

Mama Haraka aliitazama mashine kana kwamba imemtukana. Alipanda, mguu wa kulia kwanza, wa kushoto akiuinua kwa kuvuta gauni. Fundi alisogea akashika kamba ya usalama, ile inayofungwa kwenye nguo ili mtu akianguka mashine izime, na akatafuta pa kuifunga. Palikuwepo. Kwenye gauni lile, na kwenye magauni yote sita yaliyokuwa kabatini, alikuwa ameshashona kitanzi kidogo kiunoni.

Mama Haraka alitembea dakika nne. Aliteremka, akaketi, akasema mashine inanuka mpira. Kesho yake dakika nne. Siku ya tatu alikataa, wakagombana, akatembea tano kwa hasira. Baada ya hapo hakuna cha kusimulia, maana ilikuwa ni kutembea tu: asubuhi baada ya chai, mkanda ukilalamika na cherehani ikijibu, dakika nane, dakika kumi na moja, wiki moja mbaya ya kurudi nyuma hadi sita, kisha kumi na tano. Kila asubuhi alitembea akitazama ukuta. Fundi alishona akiwa amempa mgongo, kwa sababu alijua mtu akitazamwa hujibadilisha. Hakupima kitu. Utepe ulikuwa shingoni mwake na aliuacha pale.

Miezi ikapita, daktari akasema vizuri, akatafuta kalamu. Mguu ulikuwa bado unaburuta kidogo ukichoka. Mama Haraka alikuwa bado hajatoka nje.

Asubuhi moja, Fundi alikuwa anakata suruali, mguu wa pili, aliposikia nyuma yake sauti aliyoijua kuliko sauti yoyote ya kazi yake. Ni sauti ya mshono ukiachia. Mkanda ulipunguza mwendo, ukasimama. Hakugeuka. Alisikia hatua zikija, moja nzima, na nyingine karibu nzima. Mama Haraka aliingia chumba cha kulala, akatoka amevaa gauni jingine, na akaweka juu ya meza lile alilovua.

Lilikuwa gauni jembamba la nyumbani alilolishona Fundi wiki ile ya hospitali, kwa vipimo vya mtu wa kukaa kitini. Mshono wa nyuma ulikuwa umepasuka kutoka kwenye upindo hadi karibu na goti.

Fundi aliweka mkasi chini. Alilishika gauni, akauona uzi uliokatika, na macho yakamjaa machozi, na hakujisumbua kuyaficha.

"Dada," alisema, "unafukuzwa na nani?"

Mama Haraka alikuwa amerudi mlangoni mwa chumba cha kulala, mkono mmoja ukutani, juu ya kiganja kile cheupe ambacho hakuna aliyewahi kukifuta. Kwa mkono mwingine alikuwa anavaa viatu vya kutokea nje.

"Sifukuzwi na mtu," alisema. "Ni wewe umebana."